Ruhusa ya Wengine Wote

Bi Květa ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwa na mazoea ya kuanika soksi zake juu ya chuma cha joto kilicho chini ya dirisha la jikoni, na Jumanne hiyo asubuhi alipozishika alizikuta mbichi na baridi kama samaki. Akakigusa chuma chenyewe. Nacho kilikuwa baridi. Akavaa koti juu ya gauni la kulalia, akapanda hadi ghorofa ya tano kwa mwanawe, akabisha kwa kiganja, maana vidole vilikuwa vinamuuma.

"Bořek, kwenu kuna joto?"

"Hakuna, mama. Tumedhani ni kwetu tu."

"Kwenu tu vipi? Bomba si ni moja?"

Nje theluji ilikuwa imelala wiki nzima bila kuyeyuka. Majengo yote ya Výsluní, yaliyopangwa mgongoni mwa kilima juu ya mji wa Brno, yalikuwa yametulia, na kwenye madirisha watu walikuwa wanasimama na kugusagusa vyuma vyao kama mtu anayempima mtoto homa. Bi Květa akaingia, akavua viatu mlangoni, akavaa ndara za wageni ambazo hakuzipenda.

"Mkeo yuko wapi?"

"Bafuni."

Zdena alikuwa ameketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea, mswaki mdomoni, simu mkononi. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa Radoslava, mwenzake wa ofisini. *Visanduku vyote vya Výsluní vimegoma. Vyote vinasema neno moja: ruhusa imekataliwa.* Zdena aliusoma, akausoma tena, akatema povu la dawa ya meno kwenye sinki. Alijua ni nini kabla hajamaliza kusuuza kinywa.

"Zdena," mama mkwe wake aliita kutoka jikoni, "wewe si ndiye mtu wa visanduku? Hebu waambie wenzako watuwashie."

"Naenda sasa hivi, mama."

"Kunywa chai kwanza."

"Nitakunywa huko."

Akavaa suruali mbili, akatoka. Hakusema zaidi ya hapo.

Kampuni aliyofanyia kazi Zdena ilitengeneza visanduku vinavyofungwa kwenye vyumba vya chini vya majengo, pale maji ya moto kutoka mtambo wa mji yanapoingia. Kisanduku hupima, hufungua valvu, hufunga, na mwezi ukiisha hupeleka hesabu. Kikiwa na shaka na nafsi yake hufunga valvu kabisa, kwa sababu ni afadhali watu wapate baridi kuliko maji yanayochemka kupasua mabomba vyumbani mwao.

Kazi ya Zdena ilikuwa ndani zaidi ya hapo. Alishughulika na kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu inayoamka kabla ya programu nyingine yoyote na kuamua nani aguse nini. Humo ndani kuna funguo zinazoaminika. Huzaliwa humohumo, hutiwa muhuri na chipu ya kisanduku, na hakuna binadamu anayeziona zilivyo, hata Zdena mwenyewe. Kinachobaki ni kugawa ruhusa: nani auone ufunguo, nani autumie, nani aubadilishe. Na wanaogawiwa ni wa namna nne tu: anayeushika, mwenye ufunguo, kundi lake, na wengine wote.

Kwa miaka mingi ruhusa hizo zilikuwa zimelegezwa, kama nyumba ambayo kila mtu anaingia kwa mlango wa nyuma. Zdena alizikaza. Aliwaondolea wengine wote, akaliondolea kundi. Watu wa kazi hiyo, walio Porto na Pune na kwingineko, walimwandikia kumsifu. Huko alijulikana vizuri kuliko kwenye lifti ya jengo lake. Jumatatu toleo jipya likapelekwa visandukuni. Usiku visanduku vikazimika na kuwaka vyenyewe kama kawaida, na programu inayofungua valvu, ambayo ilikuwa mtu wa kundi, ikaomba ufunguo wake ili isome vipimo vyake. Ikakataliwa. Ikafanya ilivyofundishwa: ikafunga valvu.

Radoslava alikuwa amemuuliza. Ilikuwa wiki ya nyuma, kwenye foleni ya chakula cha mchana, wameshika sinia.

"Na zile programu zinazoingia kwa jina la kundi? Hazitakwama?"

"Wenye programu watajua," Zdena alijibu. "Mimi siwezi kumfunga kila mtu kamba za viatu."

Radoslava akacheka, wakachukua supu.

Sasa Radoslava alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mkutano na hakumkumbusha neno hilo, jambo lililomuuma Zdena kuliko kama angemkumbusha.

Mkurugenzi wa ufundi, mhandisi Drápal, alikuwa mtu mrefu aliyezoea kusema polepole. Siku hiyo alisema haraka.

"Zdena, niambie kwa maneno ya kawaida. Tatizo ni letu?"

"Ni letu. Ni langu."

"Vizuri. Lako tutalizungumza baadaye. Majengo mangapi?"

"Výsluní yote. Mitaa mingine bado haijapelekewa toleo."

"Na mafundi wa mji?"

"Wako wawili," Radoslava akasema. "Valvu inaweza kufunguliwa kwa mkono, lakini lazima mtu akae hapo akiangalia kipimo. Mmoja yuko chekechea, mwingine kwenye zahanati. Hawawezi kuondoka."

Drápal akakaa juu ya meza. "Turudishe toleo la zamani basi."

"Halirudi," Zdena akasema. "Toleo jipya likishawaka, chipu haikubali tena la zamani. Tulilifunga makusudi, mtu asije akapachika toleo bovu."

"Makusudi." Drápal akatikisa kichwa. "Na lile la maabara? Lile mnalofanyia majaribio?"

Lilikuwepo. Toleo la maabara lilikuwa na namba mpya, lilikubalika na chipu, na ndani yake ruhusa zote zilikuwa wazi kwa wengine wote, ili watu wa majaribio wasisumbuke. Lingeweza kupelekwa kabla chai haijapoa.

"Lile limeachwa wazi kila kitu," Zdena akasema.

"Najua. Tupeleke leo, tufunge baadaye."

"Bwana mhandisi, kwenye kisanduku hichohicho kuna ule ukurasa wa wapangaji, wa kuangalia matumizi yao kwa simu. Unafunguka kwenye intaneti. Ukiwapa wengine wote, na ule ukurasa ni mmoja wa wengine wote. Mtu akiingia kupitia pale hatauona ufunguo, lakini anaweza kuufuta, au aweke wake. Akiweka wake, valvu ni yake. Atafunga Výsluní yote akitaka, au atafungua mpaka mwisho."

"Nani atafanya hivyo? Leo? Kesho?"

"Sijui nani. Na hiyo baadaye siijui ni lini. Mwaka juzi tulisema baadaye kwa visanduku vya maji, viko vilevile mpaka leo."

Drápal hakupenda kukumbushwa visanduku vya maji. "Wewe unahitaji muda gani kufanya unavyotaka wewe?"

"Kubadilisha si kazi. Nalirudishia kundi ruhusa moja tu, ya kuutumia. Lakini lazima nijaribu kwenye visanduku vyenyewe, vilale, viamke, vilale tena. Safari iliyopita sikufanya hivyo ndiyo maana tuko hapa. Kesho mchana."

"Kesho mchana," Drápal akarudia. "Kuna watu wazee kule."

"Najua. Ninaishi kule."

Kulikuwa na utaratibu, ambao Zdena mwenyewe aliuanzisha: toleo haliendi popote bila sahihi mbili, ya Drápal na ya mwenye kiini. Drápal akafungua kompyuta yake pale pale, akaweka ya kwake kwenye toleo la maabara, akaigeuza kompyuta imtazame Zdena.

"Siweki," Zdena akasema.

"Zdena."

"Niandikie barua ya kuniondoa, halafu weka mtu mwingine aweke. Mimi siweki."

Drápal akamtazama Radoslava. Radoslava akatazama dirishani. Mkurugenzi akafunga kompyuta taratibu, akasema, "Basi usikae hapo. Nenda ukaandike hicho chako," akatoka akiwa tayari ameshika simu sikioni, anaanza kuomba radhi kwa watu wa mji.

Huko nyumbani, Bořek alirudi kutoka kazini mapema. Alikuwa mpishi wa kantini ya shule, na shule ilifungwa kwa baridi. Alikuja na sufuria kubwa la kazini, akapika supu ya vitunguu saumu yenye viazi na mayai, akaanza kuigawa ngazi kwa ngazi. Umeme ulikuwa umekatika mara kadhaa, kwa sababu kila nyumba ilichomeka hita na nyaya za jengo zilikuwa za zamani. Ikabidi wapangaji wakubaliane: hita moja kubwa iwekwe chini, kwenye chumba cha kufulia, na wazee na wenye watoto wakakae huko.

Bi Květa aliteremka na mto wake wa kukalia na chupa ya chai yenye tone la ramu. Alikaribishwa vizuri. Waliongea habari za baridi ya zamani, mwaka ule mito ilipoganda mpaka chini, na nani alioa nani.

"Haitachukua muda," Bi Květa akawaambia. "Mkwe wangu ndiye anayerekebisha. Amekimbia asubuhi bila hata chai."

Bi Šebelová wa ghorofa ya kwanza alikuwa anafuma. Hakuinua macho.

"Ndiye anayerekebisha, Květa, au ndiye aliyeharibu?"

"Una maana gani?"

"Mwanangu kasoma kwenye simu. Watu wa mji wameandika, kosa la programu. Sio bomba, sio mtambo. Programu. Sasa katika jengo hili anayeandika programu za visanduku ni nani? Sio mimi, mimi naandika kadi za Krismasi."

Wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya. Bi Květa akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akainywa yote, akafunga chupa.

"Mimi nitamuuliza mwenyewe," akasema.

"Muulize, shoga. Na ukimuuliza, mwambie mjukuu wangu ana masikio yanamuuma."

Bi Květa alikaa kidogo tena, ili isionekane anakimbia. Halafu akachukua mto wake, akasema anakwenda kumlisha ndege, akapanda ghorofani kwake. Hakuwa na ndege. Ndege alikufa tangu masika, na Bi Šebelová alijua hivyo. Akajifungia, akapanda kitandani na koti na kofia, akavuta mablanketi. Bořek alipobisha na bakuli la supu alimfungulia, akalipokea, akasema amechoka na makelele ya kule chini.

"Mama, rudi chini. Huku ni friji."

"Nimesema nimechoka."

"Nikupeleke basi Vyškov kwa dada."

"Siondoki kwangu kwa ajili ya kisanduku. Nenda kawape wengine supu, itapoa."

Mwanawe alimsikia akikohoa alipokuwa anashuka. Alidhani ni moshi wa zamani wa sigara. Mama alikuwa ameziacha siku nyingi lakini kifua hakikusahau.

Jioni ilipoingia Zdena alikuja mara moja, kuchukua sweta na kula kitu, kisha arudi. Alipita ngazi kwa miguu, maana lifti ilizimwa kupunguzia nyaya mzigo. Watu aliokutana nao walimpisha. Mmoja alimwamkia, mwingine akamuuliza, "Vipi, mhandisi, tulale na glavu?" Kwenye ghorofa ya tatu alisikia kikohozi nyuma ya mlango wa mama mkwe wake. Akasimama. Mkono aliuinua kabisa kubisha. Lakini alifikiri atakachosema, akaona kila sentensi inaanzia pabaya. Akaushusha, akapanda zake.

Bořek alikuwa anasugua sufuria kwa maji ya birika.

"Supu iko kwenye taulo hapo. Kula. Mtawasha lini?"

"Kesho mchana."

"Kesho?" Akaacha kusugua. "Kwenye simu uliniambia kosa umeshaliona asubuhi."

"Nimeliona. Najaribu dawa yake."

"Mwenzio mmoja kaniambia vingine. Nilipiga ofisini kukutafuta, simu yako ilikuwa haipokelewi. Akapokea kijana mmoja, akasema bosi alikuwa na njia ya haraka, ila kuna mtu amekataa kuweka sahihi." Alikausha mikono yake kwenye fulana. "Nikamuuliza mtu gani, akakata."

Zdena alishika kijiko bila kukitumbukiza.

"Ni mimi."

"Ungeweza kuwasha leo asubuhi."

"Ningeweza."

"Hata sasa hivi?"

"Hata sasa hivi, Bořek. Kompyuta iko kwenye mkoba."

Akautazama mkoba pale mlangoni kama vile ndani mna mtu. Akavuta kiti, akakaa karibu naye, na sauti yake ikawa ya chini, ya kubembeleza.

"Basi washa, mke wangu. Washa, watu walale. Kesho ufunge unavyotaka, nani atajua?"

"Nikifungua, nimewafungulia watu nisiowajua, mahali nisipopaona. Wanaweza kuingia usiku huuhuu, na baridi hii, wakafunga kila kitu, na hapo sitakuwa na mahali pa kurekebishia. Au wafungue yachemke. Bi Šebelová yuko ghorofa ya kwanza, bomba linaanzia kwake."

"Wanaweza. Wanaweza, wanaweza. Mama yangu hapo chini hawezi. Mama yangu amelala na kofia. Huo ndio ukweli ninaouona mimi, mwingine wote ni wa kwenye kioo chako."

"Nilikosea kwa sababu ya haraka. Sitaki kurekebisha haraka kwa haraka nyingine."

"Kwa hiyo jina lako libaki safi."

"Jina langu limeshachafuka, hujasikia huko ngazini?"

"Nimesikia. Nimebeba sufuria mlango hadi mlango nikisikia. Unajua wananiambiaje? Wananiambia, 'Asante kwa supu, Bořek, mkeo anatufunza kufunga.' Nikacheka nao. Nifanyeje?" Akainuka. "Umemwona mama?"

Zdena akainamia bakuli.

"Umepita mlangoni kwake, hukuingia."

"Nilitaka nije na joto mkononi."

"Haya," Bořek akasema. Alichukua blanketi la kitandani kwao na mto wake. "Mimi nalala huko kwake. Wewe rudi kwenye visanduku vyako."

Aliteremka. Zdena akala supu yote, kwa sababu tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni, na aliona aibu kuwa ilikuwa tamu. Akavaa sweta, akachukua mkoba, akatoka.

Ofisini, visanduku vya majaribio vilipangwa kwenye meza ndefu. Vililala, vikaamka, vikalala. Kimoja kilikataa kuamka, na Zdena na Radoslava wakagundua kuwa hata ruhusa mpya ilikuwa na kasoro: kundi lilipewa haki ya kuutumia ufunguo lakini kapu linalouhifadhi lilikuwa bado limefungwa, kwa hiyo ni kama kumpa mtu ruhusa ya kunywa na kumfichia kisima. Kama wangepeleka bila kujaribu, nusu ya mtaa ingebaki baridi. Wakasahihisha, wakaanza upya. Radoslava alikuwa amebaki kwa hiari yake. Walizungumza machache.

"Ulinionya," Zdena akasema wakati fulani.

"Niliuliza tu. Kama ningekuwa na hakika ningepiga kelele."

"Nami nilikujibu kijinga."

"Ulinijibu kama unavyojibu kila mtu," Radoslava akasema, bila chuki, akiwa ameinamia skrini. Zdena alikumbuka sentensi hiyo kwa muda mrefu baadaye.

Asubuhi Bořek alimkuta mama yake anaongea na watu wasiokuwepo. Paji la uso lilikuwa moto, mikono barafu. Aliita gari la wagonjwa, na kwa kuwa lifti ilikuwa imezimwa wakamteremsha kwa ngazi, kwenye kiti, amefungwa mikanda, koti lake la Jumapili juu ya mapaja. Kwenye ghorofa ya kwanza Bi Šebelová alifungua mlango. Bi Květa, ambaye fahamu zilikuwa zinakuja na kuondoka, alimwona. Akajaribu kuinyoosha kofia yake.

Ujumbe wa Bořek ulimfikia Zdena wakati anaweka sahihi. *Mama hospitali. Nimonia, mapafu yote mawili.* Aliusoma, akaweka sahihi, akasubiri ya Drápal. Drápal aliweka bila kumtazama. Muda si mrefu kisanduku cha jengo la kwanza kikaandika kwenye skrini kuwa valvu imefunguka, kikafuata cha pili, vikafuatana. Huko Výsluní mabomba yakaanza kugonga ukutani, na watu kwenye chumba cha kufulia wakanyamaza kusikiliza. Halafu wakakunja mablanketi yao na kwenda makwao.

Zdena alipokuwa anavaa koti, Drápal alimwita.

"Kuanzia leo sahihi ya kiini ataweka Radoslava. Wewe utaandika, yeye atapitisha. Mpaka bodi ikae."

"Sawa."

"Sina njia nyingine, Zdena. Walitaka nikuondoe kabisa."

"Nimesema sawa."

Hospitalini siku za kwanza Zdena hakuruhusiwa kuingia. Aliyeruhusiwa alikuwa ni mtoto wa mgonjwa tu. Alikaa koridoni, Bořek akitoka anampa habari fupifupi kama anavyompa mtu wa ofisini: homa imeshuka, homa imepanda, amekula kidogo. Nyumbani Bořek aliendelea kulala ghorofa ya tatu, kitandani kwa mama yake. Alisema anatunza maua. Waligawana mkate na chumvi kwa kupeana mlangoni.

Watu wa jengo walikaa kikao. Zdena alikwenda, akasimama mbele kwenye chumba kilekile cha kufulia, akawaambia kosa lilikuwa lake, na kwamba kulikuwa na njia ya haraka na yeye ndiye aliyeikataa, akaeleza kwa nini. Wengine walielewa, wengine hawakuelewa. Mzee mmoja aliuliza kama kuna mtu yeyote alijaribu kuingia kwenye visanduku usiku ule.

"Hakuna," Zdena akasema. "Tumeangalia. Hakuna aliyejaribu."

"Basi tuliganda bure."

"Labda ndiyo, bwana."

Hakuna aliyejaribu hata baadaye, wala hakikutokea kitu cha kumpa haki. Bi Šebelová peke yake hakusema neno kikao kizima. Wakati wa kutoka alimtia Zdena mkononi soksi za sufu alizofuma, akasema, "Mpelekee. Usimwambie ni zangu."

Bi Květa alipoanza kukaa kitandani bila kuegemezwa, alimwambia muuguzi amruhusu mkwe wake aingie. Chumba kilikuwa cha watu watatu na viti vitatu, kila kitanda na chake. Cha Bi Květa kilikuwa na koti la Bořek, ambaye alikuwa ametoka kutafuta kahawa. Zdena akasimama miguuni mwa kitanda, soksi mkononi. Mama mkwe wake alikuwa amepungua, shingo imekuwa ya ndege, lakini nywele alikuwa amezichana.

"Soksi za nani hizo?"

"Zako, mama."

"Huo ufumaji naujua. Mwambie kisigino bado hajui kukifunga." Akazishika, akaziweka chini ya mto. "Bořek kaniambia. Ungeweza kuwasha siku ileile."

"Ningeweza."

"Ulijua mimi niko pale chini."

"Nilijua. Nilipita mlangoni kwako jioni ile. Nilisikia unakohoa."

Hilo Bi Květa hakuwa analijua. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani alijigeuza ukutani, kwa adabu.

"Mimi nilikuwa nimetoka kukutetea kule chini," akasema. "Nikabaki na mto wangu mkononi kama mjinga. Kama ningekuwa najua kitu, ningewajibu. Mimi sio wa kukosa jibu."

"Najua, mama."

"Sasa niambie. Likitokea tena utafanyaje?"

Zdena alikuwa ameshajiuliza swali hilo koridoni, siku baada ya siku. Alikuwa ametengeneza jibu laini. Hakulitumia.

"Nitafanya vilevile. Sitafungua. Ila nitakuja kwako kwanza nikwambie mwenyewe, na nitakuteremsha chini kwenye hita hata kama ni kwa kukubeba."

"Ungekuja, ningekufukuza."

"Najua."

"Ningekuita jina baya."

"Ungeniita."

"Lakini ungekuwa umekuja," Bi Květa akasema, na kikohozi kikamshika, kirefu, mpaka Zdena akazunguka kitanda na kumshika mgongo. Kilipopita, Bi Květa hakuuondoa mkono ule. Alikuwa anahema, ametazama mbele, kwenye ukuta usio na kitu.

Bořek akaingia na kahawa mbili za karatasi. Hakutegemea kumkuta mkewe ndani. Akasimama, akaziangalia zile kahawa, moja yake na moja ambayo alizoea kumpelekea koridoni bila maneno.

"Toa koti lako hapo," mama yake akamwambia. "Mkeo amesimama toka ameingia."

Akatoa koti. Zdena akakaa.